Aksolotli ni mgeni: maji ya tangi yaandaliwe kabla yake

MNYAMA wa majini wa Mexico aitwaye aksolotli, ambaye kwa zaidi ya karne moja alijulikana zaidi katika maabara za biolojia, leo anafugwa katika nyumba nyingi za mijini Ulaya, Marekani na Asia. Mwaka 2021 ulimwongezea umaarufu. Mwezi Juni aliingizwa katika mchezo wa kompyuta wa Minecraft unaopendwa na watoto, na mwezi Oktoba Benki Kuu ya Mexico ikatoa noti ya peso 50 yenye picha yake. Uso wake unaoonekana kana kwamba anatabasamu umewavutia watu ambao hawajawahi kufuga hata samaki mmoja.

Umaarufu huo una gharama, na anayeilipa ni mnyama mwenyewe. Mara nyingi tangi la kioo, chujio na aksolotli hununuliwa siku moja, vikafika nyumbani jioni, na kabla ya usiku mnyama yumo majini. Wiki ya kwanza hupita kwa furaha. Baada ya hapo anaanza kukataa chakula, matamvua yake yanasinyaa, ngozi inapata wekundu, na mwisho wake hukutwa amekufa katika maji yanayong'aa kama ya chemchemi. Mwenye nyumba hushangaa, kwa kuwa hakuona uchafu wowote.

Kinachowaua wengi wa wanyama hao si maradhi ya kuambukiza. Ni maji mapya, yaani maji ambayo bado hayajapata bakteria wa kuyasafisha. Wafugaji wazoefu huita kazi ya kuwaotesha bakteria hao kukomaza tangi, na huhesabu kuwa inachukua wiki nne hadi nane. Katika tangi la aksolotli wenyeji ni bakteria na mnyama ni mgeni, na wenyeji sharti watangulie.

Aksolotli, ambaye wanasayansi humwita Ambystoma mexicanum, ni salamanda, jamaa ya vyura. Tofauti yake na salamanda wengine ni kwamba kwa kawaida habadiliki umbo ili ahamie nchi kavu. Hukua, hukomaa na kuzaa akiwa bado na sura ya kiluwiluwi, akipumua kwa matamvua yenye manyoya yaliyochomoza nyuma ya kichwa. Wengi hufikia urefu wa sentimeta 23 hadi 30, na akitunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 15. Anajulikana duniani kote kwa uwezo wa kuotesha upya mguu uliokatika, na hata sehemu za moyo na za ubongo. Uwezo huo umewafanya wengi wamdhanie kuwa mnyama asiyeumizwa na kitu. Hiyo ni dhana potofu. Mguu huota tena kwa sababu mwili ulio hai unauotesha. Mwili uliolewa sumu hauoteshi chochote.

Sumu isiyoonekana

Sumu yenyewe huitwa amonia. Aksolotli huitoa mwilini mwake mchana na usiku, kwa kiasi kikubwa kupitia matamvua na ngozi. Kinyesi chake na mabaki ya chakula yanapooza hutoa amonia nyingine. Katika ziwa au mfereji mpana amonia hiyo humezwa na wingi wa maji, na mimea na vijidudu huitumia. Katika tangi la lita 100 haina pa kwenda. Hubaki palepale, ikiongezeka siku hadi siku, isionekane kwa macho na, kwa viwango vinavyotosha kuua, isinukie puani.

Ndani ya maji amonia huwa katika hali mbili. Moja ni amoniamu, ambayo madhara yake ni madogo. Nyingine ni amonia huru, ambayo hupenya matamvua na kuunguza. Kinachoamua ni kipi kiwe kingi ni pH ya maji pamoja na joto lake. Katika maji yenye pH 7 na joto la nyuzi 20 za Selsiasi, amonia huru ni takriban asilimia 0.4 tu ya amonia yote. Maji yaleyale yakipanda hadi pH 8, sehemu hiyo hufikia karibu asilimia 4, yaani mara kumi zaidi, ilhali kipimo cha amonia yote hakijabadilika hata kidogo. Ndiyo maana wafugaji wawili wanaweza kuwa na kipimo kimoja cha amonia, mmoja akampoteza mnyama wake na mwingine asione tatizo. Kwa aksolotli, hata hivyo, kiwango cha kulenga ni kimoja tu, nacho ni sifuri.

Ukombozi unatoka kwa bakteria. Mwaka 1890 mwanasayansi Sergei Winogradsky, akiwa Zurich nchini Uswisi, alionyesha kuwa kazi ya kugeuza amonia kuwa nitrati hufanywa na viumbe hai kwa hatua mbili. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, na kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati. Vitabu vingi vya ufugaji viliendelea kuwataja bakteria wa Nitrobacter kuwa ndio watenda kazi wa hatua ya pili, mpaka mwaka 1998 watafiti nchini Marekani walipochapisha ushahidi kwamba katika matangi ya maji baridi kazi hiyo hufanywa na bakteria wa jamii ya Nitrospira. Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti wa Ulaya yalitangaza jambo lililowashangaza wengi zaidi: wamo Nitrospira wanaofanya hatua zote mbili peke yao.

Kwa mfugaji, majina hayo si muhimu kama tabia za viumbe wenyewe. Hawaelei majini kwa wingi. Hung'ang'ania mahali pagumu, hasa kwenye sponji ya chujio. Huhitaji oksijeni. Na huongezeka polepole mno. Bakteria wa kawaida wa tumboni anaweza kujigawa kila baada ya dakika 20 akiwa katika mazingira mazuri, lakini hawa huhitaji saa nyingi, pengine siku nzima. Hapo ndipo penye sababu ya wiki zile nne hadi nane, na hakuna namna ya kuzifupisha kwa kuongeza bidii.

Nitriti ya katikati nayo si salama. Ikiingia katika damu huibadilisha hemoglobini na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, hata damu ikageuka rangi ya kahawia. Mnyama huonekana akitweta ingawa maji yana hewa ya kutosha. Nitrati ya mwisho ndiyo yenye madhara madogo kuliko zote, na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Wafugaji wengi hujitahidi isizidi miligramu 20 kwa lita.

Namna ya kukomaza tangi

Zamani ilikuwa desturi kutia samaki wachache wa bei nafuu katika tangi jipya ili watoe amonia, bakteria waote, na samaki wakifa wabadilishwe. Njia hiyo ni ya kikatili na imepitwa na wakati. Kumtumia aksolotli mwenyewe kwa kazi hiyo ni mbaya zaidi, kwa kuwa ngozi yake ni laini na haina magamba. Siku hizi amonia hutiwa kwa mkono, tangi likiwa tupu.

Kwanza mfugaji apate tangi la kutosha. Kwa mnyama mmoja kiwango cha chini kinachotajwa na wengi ni lita 75, na lita 100 au zaidi ni bora, kwa kuwa maji mengi huchelewa kuharibika. Kupata ujazo ni hesabu ya shule ya msingi: tangi lenye urefu wa sentimeta 80, upana wa 35 na kina cha maji cha 40 hubeba lita 112. Hesabu hiyo iandikwe mahali, kwa kuwa kila kitu kitakachotiwa baadaye kitapimwa kwayo. Chini iwekwe mchanga laini au kusiwekwe kitu kabisa. Kokoto ndogo hazifai, kwani aksolotli hula kwa kuvuta maji kwa mdomo na humeza chochote kilicho mbele yake.

Chujio linalofaa ni la sponji linaloendeshwa kwa pampu ya hewa, au lingine lolote lisilosukuma maji kwa nguvu. Aksolotli ni mnyama wa maji yaliyotulia. Akikaa kwenye mkondo mkali hukunja matamvua yake mbele na huacha kula, dalili ambayo wengine huidhania kuwa ni ya amonia.

Maji ya bomba yana tatizo lake. Mamlaka za maji hutia klorini ili kuua vijidudu, na klorini haichagui: huua bakteria wa chujio sawasawa na wa kipindupindu, na huunguza matamvua. Klorini ya kawaida hupotea hewani maji yakiachwa kwenye ndoo wazi kwa siku nzima, hasa yakipulizwa kwa pampu ya hewa. Baadhi ya miji duniani, hata hivyo, hutumia kloramini, ambayo ni klorini iliyounganishwa na amonia, na hiyo haiondoki kwa kusubiri. Dawa za kuondoa klorini zinazouzwa madukani, nyingi zikiwa na thiosalfeti ya sodiamu, huvunja zote mbili, ila kwa kloramini huacha amonia nyuma. Mfugaji anayeshangaa kwa nini maji aliyoyachota bombani muda si mrefu yanaonyesha amonia apime kwanza maji ya bomba yenyewe.

Tangi likishajaa maji salama na chujio likiwa linafanya kazi, huanza kazi ya amonia. Inaweza kutumika amonia ya majimaji isiyo na manukato wala sabuni, au chumvi ya kloridi ya amoniamu. Lengo ni kufikisha miligramu 2 kwa lita. Kwa tangi la lita 100, gramu 0.6 hivi za kloridi ya amoniamu zinatosha. Wapo wanaodhani kuwa kiasi kikubwa kitaharakisha mambo. Kwa kweli amonia ikizidi sana huwazuia bakteria wale wale wanaotafutwa.

Baada ya hapo ni kupima na kusubiri. Vipimo vya matone, ambavyo hubadilisha rangi ya maji katika kichupa, huaminika zaidi kuliko karatasi za kuchovya. Kipimo cha nitrati kina mtego unaowapata wengi: chupa yake ya pili huwa na unga unaotuama chini, na isipotikiswa kwa nguvu kabla ya kutumiwa husoma nitrati kidogo kuliko iliyopo. Kuna watu wameacha kubadilisha maji kwa miezi kwa sababu ya chupa isiyotikiswa.

Kwa siku kadhaa za mwanzo hakuna kinachobadilika, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kisha, mara nyingi katika wiki ya pili, amonia huanza kushuka na nitriti huchomoza. Mfugaji huongeza amonia kila inapokaribia kwisha. Nitriti hupanda, wakati mwingine hata kupita mwisho wa kipimo, na hukaa juu kwa muda unaochosha. Ikipita kipimo, ni busara kubadilisha nusu ya maji ili angalau isomeke. Bakteria hawatapotea kwa kufanya hivyo, kwa sababu wako kwenye sponji. Hatimaye nitriti nayo huanguka, wakati mwingine kwa siku moja au mbili tu, na nitrati ndiyo inayobaki ikipanda.

Yapo mambo mawili yanayokwamisha kazi katikati ya njia. La kwanza ni kuishiwa kwa kaboneti. Bakteria wanapogeuza amonia hutumia kaboneti iliyomo majini, takriban miligramu 7 kwa kila miligramu 1 ya nitrojeni ya amonia, zikihesabiwa kama kaboneti ya kalsiamu. Katika maji laini akiba hiyo huisha, pH huporomoka, na bakteria karibu wanasimama kazi. Mfugaji huona amonia haishuki tena na kudhani bakteria wamekufa, kumbe wamekosa kaboneti. Kubadilisha sehemu ya maji, au kuweka vipande vya matumbawe yaliyosagika ndani ya chujio, hurudisha hali. Aksolotli mwenyewe hupendelea maji yenye ugumu wa wastani na pH kati ya 7 na 8.

La pili ni joto. Bakteria hawa hustawi katika nyuzi 25 hadi 28, wakati aksolotli anataka nyuzi 16 hadi 18. Kwa kuwa tangi bado ni tupu, hakuna ubaya kuliacha likiwa la vuguvugu wakati wa kukomaza kisha kulipoza kabla mnyama hajaingia. Ila ikumbukwe kuwa bakteria wakipozwa hupunguza kasi. Tangi lililofaulu jaribio kwenye nyuzi 27 lijaribiwe tena likiwa kwenye nyuzi 17.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Amonia hutiwa hadi miligramu 2 kwa lita, na baada ya saa 24 maji hupimwa. Amonia ikisoma sifuri na nitriti ikisoma sifuri, na nitrati ikiwapo, kazi imekamilika. Mfugaji mwangalifu hurudia siku mbili au tatu mfululizo kabla ya kuamini. Kisha hubadilisha sehemu kubwa ya maji ili kushusha nitrati iliyolimbikizana, na siku inayofuata mnyama anaweza kuletwa. Akichelewa, bakteria waendelee kulishwa amonia kidogo, la sivyo watapungua kwa njaa.

Njia pekee ya kufupisha muda kwa uhakika ni kuazima sponji iliyokwishatumika kutoka katika tangi lililokomaa na lenye wanyama wenye afya. Bakteria wa chupa wanaouzwa madukani wana sifa ya kubahatisha. Baadhi ya chupa husaidia kweli, nyingine hukaa rafuni kwenye joto hadi waliomo wakafa. Maji ya tangi la zamani, ambayo wengi huombana wakidhani ndiyo yenye siri, hayana bakteria wengi wa kusaidia.

Joto, adui wa pili

Mtu anayesikia kuwa aksolotli anatoka Mexico huweza kudhani kuwa ni mnyama wa nchi za joto. Xochimilco, makao yake ya asili kusini mwa Jiji la Mexico, iko takriban meta 2,240 juu ya usawa wa bahari, juu zaidi ya Nairobi. Maji yake ni ya baridi. Katika tangi, nyuzi 20 bado zinavumilika, lakini kuanzia nyuzi 22 mnyama huanza kudhoofika, na nyuzi 24 zikidumu huweza kumuua.

Joto huja na madhara matatu kwa pamoja. Hupunguza oksijeni: maji ya nyuzi 16 hubeba karibu miligramu 9.9 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 26 hubeba karibu 8.1. Huongeza mahitaji ya mwili wa mnyama, hivyo anahitaji oksijeni zaidi wakati ambapo iliyopo ni kidogo. Tena huongeza sehemu ya amonia iliyo huru. Fangasi nao, wanaoonekana kama pamba nyeupe kwenye matamvua, humvamia kwa urahisi zaidi.

Kwa wasomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar jambo hili pekee linatosha kuamua. Maji ya tangi katika chumba kisichopozwa huko hukaa juu ya nyuzi 24 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Feni inayopuliza juu ya maji huyapoza kwa nyuzi mbili hadi nne kwa njia ya mvuke, lakini katika hewa nzito ya pwani nguvu yake hupungua. Chupa za barafu hupandisha na kushusha joto mara kwa mara, jambo ambalo nalo humchosha mnyama. Kinachofaa ni mashine maalumu ya kupoza maji, ambayo aghalabu ni ghali kuliko tangi lenyewe na haifanyi kazi umeme ukikatika. Asiyeweza kuimudu ni heri afuge samaki wa maji ya joto. Katika miji ya nyanda za juu mzigo ni mwepesi zaidi, ingawa miezi ya joto bado hudai kipimajoto kiangaliwe kila siku.

Baada ya mnyama kuingia

Tangi lililokomaa si tangi lililomalizika. Idadi ya bakteria hulingana na amonia wanayoipata, hivyo aksolotli wa pili akiongezwa ghafla, amonia hupanda kwa siku kadhaa mpaka wafikie idadi mpya. Kinyesi kiondolewe kila siku kwa bomba dogo la kufyonza, na mabaki ya nyungunyungu yasilale humo. Kila wiki asilimia 20 hadi 30 ya maji ibadilishwe kwa maji yasiyo na klorini na yenye joto linalolingana.

Kosa linaloharibu matangi mengi yaliyokomaa ni usafi wa kupita kiasi. Mtu huona sponji imekuwa ya kahawia, akaitoa na kuisugua chini ya bomba mpaka ikang'ara, au akaitupa na kununua mpya kama karatasi ya maelekezo inavyomwambia. Ile rangi ya kahawia ilikuwa na wenyeji wake. Sponji husuuzwa kwa upole katika ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe, na ikilazimika kubadilishwa hukatwa nusu, nusu mpya ikakaa na nusu ya zamani kwa wiki kadhaa.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria waliofungiwa ndani ya chujio la mkebe hukosa oksijeni na kuanza kufa, na likiwashwa tena humwaga uozo tangini. Chujio hilo lifunguliwe na kusuuzwa kwanza. Sponji iliyo wazi ndani ya tangi huhimili zaidi, na pampu ndogo ya hewa ya betri huisaidia.

Matamvua yakisinyaa au kupoteza manyoya, ngozi ikiwa nyekundu, mnyama akipanda juu kugugumia hewa mara kwa mara, hatua ya kwanza si dawa bali kipimo. Ikionekana amonia au nitriti, aksolotli hutolewa na kuwekwa katika beseni safi la plastiki ambalo halijawahi kutiwa sabuni, lenye maji baridi yasiyo na klorini, na maji hayo hubadilishwa yote kila siku. Anaweza kukaa humo kwa wiki kadhaa huku tangi likikomazwa upya bila yeye. Wengi waliomnunua mnyama kwanza na kusoma baadaye wamemwokoa kwa njia hii, ingawa kazi ya kila siku huwachosha. Dawa za viuavijasumu zitumike kwa ushauri wa daktari wa mifugo, tena ndani ya beseni, maana zikitiwa tangini huweza kuwaua bakteria wa chujio pia.

Maji ya Xochimilco

Wakati matangi ya dunia yakijaa aksolotli, mifereji ya Xochimilco inaishiwa. Hesabu ya watafiti mwaka 1998 ilikadiria aksolotli 6,000 kwa kila kilometa moja ya mraba. Hesabu ya mwaka 2014 ilipata 36. Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, umemweka katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Sababu kubwa ni maji yaleyale. Chemchemi za Xochimilco zilielekezwa Jiji la Mexico kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 ili kuwapa wakazi maji ya kunywa, na baadaye mifereji ikajazwa kwa maji taka yaliyosafishwa. Wakati huohuo, kuanzia miaka ya 1970, samaki aina ya karpu na sato walipandikizwa humo ili kuwapatia watu kitoweo. Sato, ambaye kwa wakazi wa kando ya maziwa ya Afrika ni chakula cha heshima, kule amekuwa balaa, kwani hula mayai na watoto wa aksolotli na kugombania naye chakula.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Mexico, UNAM, wakiongozwa na Luis Zambrano, wamekuwa wakishirikiana na wakulima wa mashamba ya chinampa kuziba baadhi ya mifereji kwa vizuizi vya mimea na mawe vinavyochuja maji na kuzuia samaki hao. Maji hurekebishwa kwanza, kisha ndipo mnyama afikiriwe. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti kuhusu aksolotli 18 waliozaliwa kifungoni na kuachiwa katika maeneo mawili, moja likiwa mfereji uliorekebishwa na jingine bwawa lililotengenezwa. Waliishi kwa kipindi chote walichofuatiliwa, na waliokamatwa tena walikutwa wameongezeka uzito.

Aksolotli wa nyumbani hana nafasi katika kazi hiyo. Sehemu kubwa ya wanaofugwa wanatokana na kundi dogo la wanyama 34 waliosafirishwa kutoka Mexico hadi Paris mwaka 1864, na mwaka 1962 mwanasayansi wa Marekani, Rufus Humphrey, alichanganya damu yao na salamanda wa aina nyingine ili kupata weupe ambao leo unapendwa na wanunuzi. Akiachiwa mfereji wowote, uwe wa Mexico au wa kwingineko, anaweza kupeleka huko maradhi na damu isiyo ya mahali hapo. Jimbo la California nchini Marekani limepiga marufuku kumfuga kwa hofu kwamba akitoroka atachanganyika na salamanda wa huko. Biashara yake kati ya nchi na nchi, kwa upande wake, imo katika Kiambatisho cha Pili cha Mkataba wa CITES tangu mwaka 1975, hivyo anayetaka kumwagiza kutoka nje anapaswa kuhakikisha kuwa muuzaji ana kibali cha nchi anakotoka mnyama kabla ya kutoa malipo.